Sauti ya Nne

Ninaandika polepole. Mwalimu wetu wa darasa la nne alisema kwamba mimi nikiandika barua ya kuomba mbegu, itafika watu wakivuna. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao ili wasiendelee kunitazama. Lakini herufi zangu ni safi, hilo hata yeye hakulikana, na kwa muda fulani niliamini kwamba herufi hizo pamoja na muziki zingenipa chakula mjini.

Nilisoma shule ya misheni upande wa Embu, kule juu kwenye baridi, nikamaliza masomo ya msingi. Palikuwa na mwalimu Mzungu aliyependa kuimba kuliko kula. Alitufundisha solfa, yaani kuandika wimbo kwa herufi: d, r, m, f na wenzao, na katikati yake nukta na vistari vya kuonyesha mipigo. Mtu aliyejifunza anaweza kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia, kwa kutazama karatasi tu. Kwa miaka miwili tulibaki baada ya masomo, vijana kumi na kitu, naye akigonga meza kwa fimbo ili tushike mwendo. Kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa mtu wa sauti ya chini kuteleza na kuufuata wimbo wa juu.

"Kaa kwako!" alikuwa akifoka. "Kaa kwako hata nyumba ikiungua!"

Mwishoni alitutahini, tukapita wanne, mmoja kwa kila sauti. Mimi nilikuwa sauti ya nne, ile nzito ya chini. Ilinifaa. Mtu wa sauti ya nne husimama nyuma na hakuna anayemtazama. Tulipewa vyeti vyenye muhuri, na Mzungu akatushika mikono akasema kwamba sasa sisi ni watu wa muziki, tunaweza kuishi kwa kazi hiyo. Kisha akaenda likizo kwao na hakurudi.

Tuishi wapi, hilo hakusema. Kazi za bendi zilikuwa Nairobi, na watu wetu walikuwa wameondolewa Nairobi kwa malori. Mwembu au Mmeru hakukanyaga kule bila karatasi ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa nazo. Ukabaki mji wa Meru. Tulifika pale wanne bila chombo hata kimoja, maana hata tarumbeta chache alizotufundishia Mzungu zilikuwa mali ya shule. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu waliokuwa msituni. Ngoma zilikatazwa, na watu kukusanyika kuimba bila kibali ilikuwa kesi. Hata harusi ziliisha mapema ili wageni wafike kwao kabla ya kafiu, saa ya kutoonekana nje, na hakuna bwana harusi aliyetaka kuongezewa wimbo.

Tukatawanyika. Wa sauti ya kwanza alichukuliwa kambi ya polisi, akawa anapiga tarumbeta asubuhi bendera ikipanda na jioni ikishuka, tuni ile ile kila siku. Wa sauti ya pili alirudi kwao Ishiara kuuza mbuzi sokoni, akatutumia salamu kwamba mbuzi ni heri, wao hupiga kelele bila kibali. Wa sauti ya tatu ndiye aliyekuwa rafiki yangu, na mpaka leo namwita Sauti ya Tatu. Yeye aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzee mwenye malori na duka la mablanketi na sufuria karibu na msikiti. Mlangoni pa duka palikuwa na gramafoni ya kuvuta wateja. Kazi ya Sauti ya Tatu ilikuwa kuizungusha mkono na kubadilisha sindano.

"Nimehitimu kuzungusha," alikuwa akiwaambia watu. "Nilipita mtihani."

Mzee naye alimtania. "Wewe una cheti cha kuimba, na santuri ina sauti. Lakini santuri haijaniomba chai hata siku moja."

Mimi nililala chumba kimoja na Sauti ya Tatu nyuma ya duka, na nilimfagilia mzee ua. Kazi yenyewe sikuwa nayo. Pasibuku yangu, kile kitabu cha ruhusa, ilisema niko mjini kutafuta kazi, na ruhusa hiyo ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Mtu asiye na kazi iliyoandikwa alirudishwa kijijini kwao, vile vijiji vipya vilivyozungushiwa miti iliyochongwa, akachimbe handaki pamoja na wengine. Mama yangu alikuwa huko akichimba. Siku niliyoondoka alinishika bega akaniambia, "Usirudi hapa kushika jembe, mwanangu. Nikikuona na jembe, nitajua kwamba miaka yote ile ya shule nilitupa."

Ndipo alipotokea mwalimu wa kwaya. Alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya mjini, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, na jioni aliongoza kwaya ya makarani na wake zao. Walikuwa na kibali, kwa sababu ukumbi mpya ulikuwa unafunguliwa na Bwana Disii, mkuu wa wilaya, angekuja kusikiliza. Sauti ya Tatu alimwambia habari zangu dukani akimfungia blanketi.

"Kijana," mwalimu wa kwaya aliniambia, "sisi tunaimba sauti moja kama watu wa sokoni. Nataka zote nne. Wewe unazijua?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Huyu anaongea?" alimuuliza Sauti ya Tatu.

"Anaongea, bwana, akishapewa noti ya kuanzia."

Mwalimu wa kwaya akacheka. Alisema nikiweza kuwaandikia na kuwafundisha kabla ya siku yenyewe, atahakikisha pasibuku yangu inaandikwa mwalimu wa muziki. Alinitajia maneno hayo mara mbili. Akachukua cheti changu akamwonyeshe mkubwa wake.

Shida ilikuwa kitabu. Kitabu chenye sauti zote nne za wimbo aliotaka kilikuwa kimoja tu nilichokijua, na kilikuwa shuleni kwetu Embu, ndani ya kabati. Mwalimu wa kwaya alinipatia karatasi ya ruhusa ya siku tano. Mzee wa duka akanipandisha kwenye lori lake lililokuwa likienda kuchukua maharagwe, akasema, "Nenda salama, na usimwambie mtu yeyote njiani kitu ambacho hakukuuliza." Kwangu mimi hiyo haikuwa amri ngumu.

Mwalimu mkuu wa shule alinifungulia kabati lakini kitabu hakikutoka chumbani. Nilikaa nacho siku tatu, nikinakili. Nilihitaji nakala nyingi, moja kwa kila mwimbaji, na mkono wangu mnaujua. Siku ya pili jioni nilipiga hesabu nikaona sitamaliza. Nikaamua mambo mawili. La kwanza, nisiandike sauti ya juu, kwa sababu tuni yenyewe waliijua wote kanisani; niandike sauti ya nne kwanza, halafu ya tatu na ya pili nikipata nafasi. La pili, nisiandike maneno. Maneno waliyajua pia, na ndiyo yaliyokuwa yakinichelewesha. Nilijiona mwerevu. Nikamaliza nakala zote za sauti ya nne, safi, bila kufuta hata mahali pamoja, na sikumbuki kazi nyingine niliyoifurahia hivyo. Ya tatu na ya pili sikuzifikia.

Kwa mama sikuruhusiwa kwenda. Kijiji kile kilitaka ruhusa yake peke yake. Lori lilipopita chini yake niliona mstari wa wanawake ndani ya handaki, migongo tu, nikashindwa kujua ni upi wake.

Kwenye daraja la mpaka wa Embu na Meru homugadi, wanakijiji waliopewa bunduki na serikali, walitusimamisha.

"Shuka! Wote shuka!"

Tulichuchumaa kando ya barabara, abiria labda tisa, na dereva akasimama na karatasi zake. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye koti refu la jeshi na kalamu mfukoni. Kijana mmoja alimwaga mfuko wangu chini: shati, kiazi cha kuchoma na zile karatasi. Mkubwa akaokota moja. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mzee."

"Ni nini?"

"Ni wimbo."

"Wimbo." Akaitazama tena. "Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Kiembu najua, Kiswahili najua, Kizungu cha kazi najua. Hii si lugha yoyote. D, d, d, s, d. Nani anaongea hivi?"

"Si maneno, mzee. Ni sauti."

"Sauti inaandikwa?" Akawageukia wenzake. "Mnasikia huyu? Ameandika sauti. Kesho ataandika harufu."

Walicheka sana. Mmoja alisema anaanza na harufu ya soksi za dereva. Mkubwa alingoja wamalize.

"Kama ni wimbo, maneno yake yako wapi?"

"Sikuyaandika."

"Kwa nini?"

"Ninaandika polepole."

Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Alihesabu karatasi. Zote zilikuwa sawa, herufi zile zile, nukta zile zile, na sasa naelewa jinsi zilivyoonekana machoni pake: agizo moja, nakala nyingi, la kugawia watu.

"Hii ni barua ya watu wa msitu," alisema. "Ama si hivyo, imba."

Nilikuwa sijawahi kuimba peke yangu mbele ya watu. Nilisimama. Abiria walikuwa wananitazama kutoka chini na homugadi kutoka juu, na sikuwa na mgongo wa mtu wa kujificha nyuma yake. Nikashika karatasi kwa mikono miwili nikaimba kilichoandikwa. Sauti ya nne ya wimbo ule hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Do, do, do, do, so, so, do. Kisha inanyamaza mipigo minne, sauti za juu zikitembea, kisha inarudi pale pale.

"Huo ni wimbo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbuzi wangu akifungwa kamba anaimba kuliko huo."

"Hii ni sauti ya chini tu, mzee. Iko nyingine ya juu."

"Iko wapi?"

"Watu wanaijua."

"Watu gani?"

Nilipoyasikia maneno yangu yakirudi kutoka kinywani mwake nilijua nimejiharibia. Akatembea mbele ya mstari wa abiria, akasimama kwa mama mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa amenipa kile kiazi.

"Mama, wewe unatoka kwao. Unaujua wimbo wa huyu?"

Aliujua. Nilikuwa nimemsikia akiuimba tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Lakini tuni za kanisa siku zile zilikuwa zimechukuliwa na watu wa msitu, wakatia maneno yao juu yake, na mtu akisikika akiimba tuni bila maneno hakuna aliyeweza kusema alikuwa akifikiria maneno yapi.

"Hata, baba," alisema akitazama chini. "Siujui."

Simlaumu. Ninachojilaumu ni kwamba hata mimi ningeweza kuimba sauti ya juu. Tuni moja tu, mistari miwili, na yule mzee angeitambua. Alikuwa na rozari shingoni. Sikuiimba. Niliambiwa niimbe karatasi, nikaimba karatasi. Mzungu alikuwa ameniingiza ile "kaa kwako" kwa fimbo, na nyumba ilikuwa ikiungua, nami nikakaa kwangu.

Lori liliondoka bila mimi. Niliwekwa kituoni kwao siku tatu, nikiteka maji na kupasua kuni, karatasi zikiwa zimepelekwa kwa ofisa kwa baiskeli. Siku ya tatu jibu lilirudi: ni muziki, aachiliwe arudi Meru. Mkubwa wa homugadi alinirudishia shati.

"Siku nyingine andika maneno," alisema.

Alisema kweli, na hilo liliniuma kuliko kuni.

"Na karatasi zangu, mzee?"

"Ziko kwa faili."

Nadhani ziko huko mpaka sasa.

Nilifika Meru Jumamosi mchana, na ukumbi ulikuwa unafunguliwa Jumapili. Mwalimu wa kwaya alinitazama miguu kwanza, nilikuwa nimetembea sehemu kubwa.

"Karatasi?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua mkono wa shati lake.

"Basi wafundishe kwa kichwa," alisema. "Wanaume wale pale. Una saa mbili."

Wanaume wanne wa besi, yaani sauti ya nne, walisimama mbele yangu, wote wakubwa kwangu, mmoja akiwa na ufunguo wa ofisi ya serikali kiunoni. Ningekuwa na karatasi, ningewagawia na kuonyesha kwa kidole, na karatasi ingeongea. Sasa nilipaswa kufungua mdomo. Niliwaimbia mstari wa kwanza nikitazama ukuta.

"Ongeza sauti, mwalimu," alisema yule wa ufunguo. "Ama unaimbia mchwa?"

Niliongeza. Waliushika mstari vizuri walipokuwa peke yao. Lakini wanawake walipoanza tuni ya juu, wote wanne waliteleza wakaifuata, kama maji yanavyofuata mfereji. Tukarudia. Wakateleza. Lile neno lilinijaa kooni, kaa kwako, lakini wale walikuwa watu wa kuamkiwa, na mimi nilikuwa kijana wa kufagia ua. Nilisema kwa upole, "Tafadhali, wazee, mmetoka kidogo." Wakateleza tena. Saa mbili zilipoisha mwalimu wa kwaya alipiga makofi mara moja.

"Inatosha. Tutaimba tunavyojua."

Jumapili nilisimama nyuma ya ukumbi pamoja na Sauti ya Tatu, ambaye mzee alimpa ruhusa aache gramafoni. Kwaya iliimba sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nahesabu. Kila pale sauti ya nne ingeingia niliona kama shimo barabarani, nikangoja mtu atumbukie. Hakuna aliyetumbukia. Bwana Disii alipiga makofi, machifu wakapiga makofi, na mama mmoja mbele yangu akafuta macho.

"Umesikia?" nilimnong'oneza Sauti ya Tatu.

"Nimesikia."

"Hakuna chini."

"Hakuna chini," alisema. "Lakini tazama watu. Wewe na mimi tu ndio tuna njaa humu ndani."

Baadaye mwalimu wa kwaya alinirudishia cheti changu kikiwa kimekunjwa vizuri. Alikuwa na furaha, jasho likimtoka, na hakunisema vibaya. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Umeona tumeweza," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Sasa nikiandika mwalimu wa muziki, mkubwa ataniuliza ulifundisha nini. Nitamwambia nini?"

Sauti ya Tatu alitaka kunisemea, nikamvuta shati.

Siku ya mwisho ya mwezi nilipanga mstari katika ofisi ya kazi. Karani pale alikuwa kijana aliyenizidi umri kidogo, amechoka, na mstari ulifika mpaka nje.

"Unajua kazi gani?"

Usiku kucha nilikuwa nimeamua nitasema neno hilo, hata kama ni mara moja tu.

"Muziki."

Aliinua kichwa. "Muziki gani?"

"Sauti ya nne."

Nyuma yangu mtu alicheka puani. Nikaweka cheti mezani. Karani akakisoma pande zote mbili, upande wa pili hauna kitu.

"Haya, imba nikuone."

Unaweza kufikiri kwamba daraja lilinifundisha. Nilijua kabisa kwamba nikiimba tuni ya juu atanielewa. Nikafungua mdomo, na ikatoka do, do, do, do, so, so, do. Kisha nikanyamaza, kidole kikigonga meza yake.

"Umemaliza?"

"Bado, bwana. Hapa nanyamaza mipigo minne."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Karani mwenyewe alicheka mpaka akaweka kalamu chini, na nadhani ni kwa sababu ya kicheko hicho hakunirudisha kijijini. Aliuliza kama najua kuandika. Nikamwandikia jina langu kwenye karatasi yake. Nilichukua muda, watu wa nyuma wakaguna, lakini alizitazama zile herufi akasema kwamba kiwanda cha kahawa cha Githongo kinatafuta mtu wa kuandika alama kwenye magunia. Akapiga muhuri. Mahali pa kazi kwenye pasibuku yangu ameandika: kibarua.

Ndipo nilipo sasa. Nina brashi na kopo la rangi nyeusi, na gunia halina haraka. Nilimtumia mama habari kwamba nimepata kazi ya kuandika. Alijibu kupitia mtu kwamba amefurahi, na akauliza kama bado naimba. Jibu hilo sijaliandika.

Wanawake wanaochambua kahawa hukaa mezani upande wa pili wa ukuta wa mabati. Msimamizi akienda kwenye mizani, huwa wanaimba chini kwa chini wimbo ule ule, bila maneno, tuni ya juu peke yake. Nami nasimama na brashi mkononi. Najua hasa ninapopaswa kuingia. Nahesabu mipigo, mahali pangu panafika, panapita, msimamizi anarudi, na wao wananyamaza.